Nilitolewa Timu ya Taifa kwa Mimba Ambayo Sikuwa Nayo

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka ishirini, naishi na wazazi wangu Mjambere, huku Kisauni. Jina langu ni Dama. Miaka imepita tangu yanifike haya, lakini hadi leo siwezi kukaa mahali pamoja nikatulia. Nikisikia mpira ukidunda popote, moyo wanienda mbio. Hata kanisani hukaa mwisho wa benchi, karibu na mlango...

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nikicheza voliboli tangu shule ya msingi, na kazi yangu uwanjani ilikuwa kupiga. Mpira ukiinuliwa karibu na wavu, mimi ndiye niliyeruka kuubamiza upande wa pili. Watu wa mtaani waliniita Nyundo. Wallahi, nilipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa!

Baba ni kibarua kiwandani Changamwe. Mama huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Nyumbani kwetu alilelewa pia msichana mmoja, Riziki. Mamake alikuwa rafiki wa Mama tangu utotoni, na alipofariki, Mama akamchukua mtoto akamleta kwetu. Tulilala kitanda kimoja, tukavaliana nguo, tukaanza voliboli pamoja. Naye alikuwa mpigaji kama mimi.

Sasa nitawaambia siri yangu. Kabla ya kila mechi kubwa nilitapika. Haukuwa ugonjwa, ulikuwa woga tu. Tumbo lilinichafuka hadi filimbi ya kwanza ipulizwe, kisha basi, nikawa mzima. Niliona haya kumwambia mtu. Riziki peke yake ndiye aliyejua. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni mwa choo asiingie mtu, akanipa maji nisukutue, akaniambia, "Haya Nyundo, futa mdomo twende."

Ningemficha vipi mtu kama huyo?

Kisha tukasikia kwamba mashindano ya kimataifa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minane yatafanyika hapa hapa Mombasa. Timu zingetoka nchi nyingi. Mimi na Riziki sote tuliitwa kwenye kambi ya timu ya taifa. Furaha iliyokuwa nyumbani kwetu! Baba, mtu asiyependa maneno, alisimama kanisani akaomba niombewe.

Kocha alipotangaza kikosi, mimi nilikuwemo. Riziki aliachwa kuwa wa akiba. Mmoja wetu akiumia au akitoka, yeye angeingia. Alinikumbatia, akacheka, akasema, "Utatuchezea sote wawili." Hapo kambini kulikuwa na uvumi kwamba watu wa vyuo vya ng'ambo watakuja kutazama, na watakaowapenda watawasomesha. Uvumi huo ulitunyima raha sote. Mimi nikawa natapika hata siku za mazoezi.

Asubuhi moja Kocha aliniita kando. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye haya mbele ya wasichana. Akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike.

"Nimekosa nini, Kocha?"

"Wewe mwenyewe unajua." Hakunitazama. "Usinifanye niseme mambo ya aibu hapa."

Nilijua nini mimi? Nilidhani ni zile sevu, mipira ya kuanzishia, nilizopiga nje siku iliyotangulia! Nikamwomba nizirudie, akageuka akaenda zake. Riziki alinisaidia kufunga mkoba. Alilia sana siku hiyo, kunishinda hata mimi...

Nyumbani nikamkuta Baba kibarazani. "Shikamoo Baba." Kimya. Nikarudia. Akachukua kofia yake akatoka.

Sikuelewa kitu. Jirani yetu Mwanaisha ndiye aliyenifungua macho. Alinivuta jikoni kwake, akafunga mlango, akanishika mkono.

"Dama mwanangu, niambie mimi. Ni ya nani?"

"Ni ya nani nini, mama?"

"Mimba."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikatoka mbio bila viatu. Habari zilikuwa zimevuja kambini, zikafika kanisani, zikafika kwa Baba kabla yangu. Mtaa mzima ulijua nina mimba isipokuwa mimi!

Hapo ndipo nilipokosea, wasomaji. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba mtu asiye na hatia hana haja ya kujitetea, kwamba watu watajionea wenyewe. Kutwa nikawa natembea. Natoka Mjambere hadi Frere Town, nageuka, narudi, kisha natoka tena, bila shughuli yoyote. Miguu ilikataa kukaa. Mama alinitazama tumbo kila nilipopita. Baba aliacha kula chakula nilichopika.

Mashindano yalipokaribia kabisa, nilishindwa kuvumilia. Nikampigia Mama magoti, nikamwambia, "Nipeleke hospitali. Leo hii."

Tulikwenda. Muuguzi alinipima, akatoka akasema, "Huyu hana kitu, mama. Nani kawaambia ana mimba?" Mama aliketi chini kwenye sakafu ya hospitali, akajifunika uso kwa leso, akalia kwa kwikwi.

Tukapanda tuktuk hadi kambini. Kocha alisikiliza, jasho likamtoka. Akasema anasikitika, lakini majina yameshapelekwa kwa waandaaji na hayabadilishwi tena. Nafasi yangu ilikuwa imejazwa.

Mama akamuuliza, "Nani alikuletea maneno haya?"

Kocha alitazama uwanjani. "Ni huyo binti yako mwingine. Alisema Dama anatapika kila asubuhi, na yeye ndiye humshikia mlango."

Mama akaita, "Riziki!"

"Abee Mama." Akaja mbio, mpira mkononi. Alipotuona pamoja, mpira ukamtoka.

Hakukana. Ndilo linalonitesa hadi leo... hakukana! Alisema, "Nilisema anatapika. Si uwongo. Hayo mengine Kocha aliyamaliza mwenyewe, nami nikamwacha."

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Kwa nini, Riziki?"

Akanijibu huku machozi yakimtoka. "Wewe ukikosa una baba na mama. Mimi nikikosa narudi kuwa mtoto wa kulelewa."

Mama hakumpiga. Hakumtukana. Alijifunga leso yake vizuri, akanishika mkono, tukaondoka.

Jioni hiyo alimweleza Baba yote. Kesho yake nilipoamka nilimkuta amesimama mlangoni kwangu, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Marahaba, mwanangu." Sikuwa nimemwamkia bado. Nililia hadi nikakosa pumzi.

Mashindano nilikwenda kutazama. Nilijikataza, lakini nikaenda! Sikuweza kukaa kiti kimoja. Nilihama mbele, nikahama nyuma, nikatoka nje, nikarudi. Riziki alicheza vizuri, sitamnyima haki yake. Kila aliporuka, miguu yangu nayo ilistuka. Umati uliimba jina lake. Watu wa chuo kimoja cha ng'ambo wakampenda, na kabla mwaka haujaisha akawa ameondoka.

Na mimi? Mashindano ya vijana yalipokuja tena, umri ulikuwa umenipita. Nilijaribu kujiunga na timu ya wanawake kule Likoni, nikavuka feri mara chache kwenda mazoezini. Lakini tumbo lilinichafuka hadi filimbi ya mwisho, na nilipotapika niliwasikia wenzangu wakinong'ona nje ya choo. Nikaacha.

Mwezi uliopita Riziki alipiga simu. Anakuja Krismasi. Mama amekwisha kumtandikia kitanda, na nilipomfokea alinijibu kwa upole, "Dama, yule naye ni mwanangu." Sijui kama nitamngoja au nitakimbilia kwa shangazi yangu Likoni. Asubuhi naamua hivi, jioni naamua vile. Ungekuwa wewe ni mimi, msomaji, ungefanyaje?

Enyi wazazi, enyi makocha, nawasihi! Mkiletewa neno juu ya binti, mwiteni, mketisheni, mwulizeni. Kocha hakuniuliza. Baba hakuniuliza. Mama aliyenizaa alinitazama tumbo tu.

Nawe dada unayesoma haya, siku watu wakikuzulia jambo, usione haya, usingoje. Sema siku hiyo hiyo, sema kwa sauti, hata kama unatetemeka. Mimi nilingoja ukweli ujulikane wenyewe. Ulijulikana, naam... lakini timu ilikuwa imeshajaa.