Milango Iliyoachwa Wazi

Kila siku baada ya masomo, Maswali alipita nyumbani kubadili sare, akala haraka haraka, kisha akaenda zahanati kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa na mwalimu wa darasa, kwa sababu mtoto huyo wa kike hakuwa na breki ya kuuliza. Shangazi ndiye aliyetunza kompyuta za zahanati. Chumba chake kilikuwa nyuma ya dirisha la dawa, chembamba, pazia limeshushwa mchana kutwa, na mashine kubwa ya kumbukumbu ikikoroma kwenye kona kama mtu aliyelala.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula, au umekuja kula vumbi langu?"

Shangazi alikuwa akimfundisha kuandika programu. Taarifa za wagonjwa, alimweleza, zinakaa kwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya ile mashine. Kabla ya kuweka kitu ghalani unatengeneza kiolezo, kama fundi cherehani anavyokata karatasi kabla ya kugusa kitambaa. Kiolezo cha Mgonjwa kilikuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa na dawa zinazomdhuru. Iko maktaba ya programu inayokichukua kiolezo hicho na kukigeuza kuwa jedwali, ikakupunguzia taabu ya kuongea lugha ngumu ya ghala.

"Na kuingia humo je?"

"Unafungua muunganisho. Uone kama mlango. Na milango ni michache, tunaitumia wote: mimi, nesi, daktari, mtu wa dawa. Ukimaliza, funga umwachie mwenzio. Wewe fanyia mazoezi kwenye ghala hili la majina ya kubuni. Lile la kweli ni siri za watu. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alisikia kwa sikio moja. Siku shangazi alipoitwa kutengeneza printa ya ofisini, Maswali aliielekeza programu yake kwenye ghala la kweli, akaandika jina la mdogo wake.

Mdogo wake alifariki msimu wa mvua uliopita, akiwa na miaka sita. Kifua kilimbana, na dawa hazikumsaidia. Skrini ikaleta jina lake, na pembeni: umri, miaka saba.

Nywele zilimsisimka. Saba! Kiolezo kilihesabu umri kwa tarehe ya kuzaliwa, na hakikuwa na nafasi ya kusema kwamba mtu ameshafariki. Basi kompyuta iliendelea kumlea mtoto ambaye wao walimzika.

Tangu hapo, kila alipopata upenyo alimwita tena, akaiacha programu ikiendelea chinichini. Mlango hakufunga hata mara moja. Mwanzoni alisahau. Baadaye hakutaka, maana kufunga aliona ni kumfungia nje yule mtoto.

Ndipo zahanati ikaanza kuingiwa na mambo. Kompyuta za dirishani zilikuwa zikiganda ghafla. Shangazi akizima mitambo na kuiwasha, inaamka. Kesho yake inaganda tena.

"Kile chumba kina mwenyewe," mlinzi alisema. "Nimesikia mtu anapumua mle."

"Umejisikia mwenyewe unakoroma," nesi alimjibu, na watu wakacheka. Lakini naye aliacha kuingia mle peke yake.

Maswali hakucheka. Moyoni aliamini ni mdogo wake aliyeng'ang'ania mashine, hataki kutoka. Akitembea kwenye ukumbi alihisi mtu mdogo anamfuata nyuma, akigeuka haoni kitu.

Mganga mkuu naye akachoka. "Ikiganda tena, tunarudi kwenye makaratasi," alimwambia shangazi. "Na wewe, bibie, tutaagana."

Siku mbili hazikupita. Mama mmoja aliingia mbio, amembeba mtoto anayehema kwa shida. Nesi alishika sindano, akasita.

"Kuna dawa inayomdhuru?"

"Ipo! Mliiandika humo humo, jina lake limenitoka!"

Nesi alibonyeza. Skrini kimya. Shangazi alijua kuzima mitambo na kuiwasha kungechukua dakika ambazo mtoto yule hakuwa nazo.

"Si nilisema?" mlinzi akanong'ona. "Mwenyewe kakasirika."

Watu wote wakageuza macho kwenye chumba chembamba. Hapo Maswali akayakumbuka maneno ya shangazi: milango ni michache, ukimaliza funga. Kunyamaza kulikuwa rahisi, kwani lawama ilishabebwa na mzimu. Ila pumzi ya yule mtoto ilikuwa ikipiga mluzi, na Maswali aliujua mluzi ule. Alilala nao chumba kimoja usiku baada ya usiku.

"Si mzimu, shangazi! Ni mimi! Programu yangu iko kwenye ghala la kweli. Nimefungua milango, sijafunga hata mmoja!"

Shangazi hakuuliza kwa nini. Alikimbilia mashine, akaikuta ile miunganisho imejipanga, yote imeshikiliwa, hakuna aliyepata pa kupita. Akaikata yote. Skrini ya nesi ikaamka. Akasoma, akaiweka chini sindano ya kwanza, akachukua nyingine. Taratibu mluzi ukapungua, mtoto akafumbua macho.

Mganga mkuu alielezwa yote. Alifoka, lakini shangazi alibaki kazini. Waliporudi chumbani, alifungua pazia.

"Ulikuwa unamtafuta nani?"

Maswali alimwonyesha. Shangazi alitazama ile saba, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Hapa kosa ni langu. Nilikiandika kiolezo kana kwamba watu hawafi."

Akaongeza nafasi ya tarehe ya kufariki. Maswali aliomba aijaze mwenyewe. Halafu wakaandika upya programu yake, mlango ujifunge wenyewe kazi ikiisha, hata programu ikijikwaa njiani.

"Hii kompyuta hutaigusa mpaka muhula ujao," shangazi alisema. "Uliingia kwenye siri za watu bila ruhusa, na hilo sitakusamehe kirahisi. Ila ungenyamaza ukaacha marehemu asingiziwe, tungempoteza mtoto wa mtu. Ukikosea, sema, tena sema wakati bado kuna wa kuokolewa. Na mdogo wako akikujia moyoni, njoo kwangu, au nenda kwa mama yako. Mashine haijui kulia na mtu."

"Mama atanigombeza?"

"Atakugombeza sana. Kisha atakukalisha karibu yake, mumzungumzie mtoto wenu mpaka mchoke. Vaa viatu, twende kwake."

Wakatoka pamoja.