Maswali Ishirini Niliyoyafuta

"Nani amefuta maswali yangu?!"

Dada alirusha bunda la karatasi mezani. Chumba kizima kikamgeukia. Madaktari wanne, karani wa mapokezi, na mimi.

Karani akaninyooshea kidole bila hata kupepesa macho.

Yaani huyu huyu niliyekunywa naye chai asubuhi!

"Ni mdogo wako, daktari. Alisema yanajirudia."

Wajameni... nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ngoja niwaeleze. Dada yangu ni mtaalamu wa saikolojia hospitalini. Kwa miaka mitatu ametunga dodoso. Mgonjwa anasoma sentensi kama "Nikikaa na watu wengi nahisi kubanwa," anaweka alama ya ndiyo au hapana, na majibu yake yanamsaidia daktari kuelewa tabia yake.

Mimi aliniita ninyooshe Kiswahili cha dodoso tu. Ushairi nimejifundisha mwenyewe, na neno likirudiwa linaniwasha kama upupu.

Sasa nakuta swali la tano na la sitini na moja yanauliza jambo lile lile! Nikafuta. Nikakuta mengine... nikafuta. Ishirini yote! Nikajiona fundi.

"Ile ilikuwa mitego, we kijana!" dada akafoka. "Anayejibu ovyo, anayejipamba, nitamjuaje? Namuuliza tena kwa maneno mengine! Watu mia mbili wameshajaza dodoso lisilo na mitego, na sijui nimwamini yupi!"

"Si ungeniambia?"

"Wewe unaambilika?!"

Jopo la hospitali lilimpa mpaka mwisho wa mwezi kuthibitisha kwamba dodoso linafaa. Akishindwa, linafungiwa kabatini. Miaka mitatu, kwisha! Kwa kalamu yangu!

"Basi naacha kazi," nikasema.

"Huachi. Utayarudisha yote ishirini, na wale watu mia mbili utawaita mmoja mmoja. Ila kwanza kaa hapo. Jaza mwenyewe, nakala ya zamani."

Nilijaza huku nasaga meno. Lakini kwa ukweli wote, nawaapia! Nikamkabidhi kifua mbele.

Dada akalaza juu yake karatasi ya kusahihishia, ile yenye matundu yanayoonyesha majibu ya mitego tu. Akapitisha kidole taratibu... halafu akaanza kucheka.

"La tisa: 'Nikikosolewa, husikiliza kwa utulivu.' Umejibu nini?"

"Ndiyo."

"La sabini na nne: 'Mtu akinikosoa, nawaka.'"

"...Ndiyo."

"Sasa bwana mshairi, tushike lipi?"

Nikapiga meza mpaka kalamu zikaruka.

"Swali lako ndilo bovu! Mimi ni mtu wa kusikiliza!!"



Kiganja kilikuwa bado kinaniuma nilipoelewa nimefanya nini.

Dada akamgeukia karani, usoni mkavu kabisa.

"Andika. Mtu wa kwanza: amenaswa. Mtego unafanya kazi."

Madaktari waliangua kicheko, mmoja akatoka nje kabisa!

Nisiwadanganye, bado nimenuna. Leo nimepiga simu ya arobaini, na kila mtu ananiuliza, "Kijana, si nilishajibu haya?"

"Jibu tena, mama. Kosa ni langu."

Hilo neno la mwisho lilinichukua simu thelathini na tisa kulitamka.

Ndugu msomaji, kabla hujafuta usichokielewa, muulize aliyekiandika. Na akikujibu... msikilize mpaka amalize.