Mwonjaji wa Kegonga

Vikombe vyote vya mezani vilikuwa vikavu isipokuwa kile cha mwisho. Hicho kilijaa chai na kilitoa mvuke, na nyumba nzima haikuwa na jiko hata moja. Mwanamvita alikiona kabla ya wenzake. Hakuwa na hamu ya kuuliza chochote mahali pale. Tangu walipotoka Migori mjini, wakikwama na kukwamuka kwenye matope ya El Niño, mumewe Yakub hakuwa amefunga mdomo, akisema kwamba katika wilaya nzima ni yeye peke yake anayejua chai ni nini.

Makumbusho yenyewe, kama yanastahili jina hilo, yalikuwa nyumba ya mabati huko juu Kegonga, ya mzungu mmoja aliyejaribu kulima chai zamani, akashindwa, akaenda zake. Mzee Ogeto, Mkisii aliyestaafu kazi ya mashamba ya chai, alikuwa ameijaza vikapu vya wachumaji, vitanda vya kunyaushia majani, mashine ya kusokotea iliyoliwa na kutu, na picha za watu waliosimama katikati ya michai bila kutabasamu. Alitaka Yakub, kwa kuwa ni muuzaji wa majani ya chai kwa jumla, amsaidie kutengeneza paa. Yakub alikuwa amekuja ili apate raha ya kumkatalia ana kwa ana.

"Hapa ndio mwonjaji alikuwa anafanyia kazi," Ogeto aliwaeleza, akiipapasa meza. "Anavuta chai na kelele, sruuup, anazungusha kwa ulimi, halafu anatema kwa hii beseni. Hamezi. Akimeza, jua hiyo ni tamu sana."

"Na hiki?" Yakub alikinyooshea mkono kikombe cha mwisho.

"Hicho wacha, bwana. Hiyo ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Mzee alitazama dirishani kwanza. "Mwonjaji. Mimi namwekea chai baridi. Saa yake ikifika, nakuta imekuwa moto."

Yakub alicheka kile kicheko chake cha puani, ambacho wateja wake walikijua na kukichukia. Alikinyanyua kikombe, akavuta fundo moja kwa kelele, akalizungusha mdomoni huku amefumba macho kwa maringo, kisha akatema. Hakutema kwenye beseni. Alitema sakafuni, mbele ya viatu vya mwenyeji wake.

"Chai gani hii! Maji ya kuoshea sufuria. Huyo mwenyewe wako ulimi wake uliungua zamani."

Mwanamvita alicheka pia, kidogo. Yeye alikuwa mzaliwa wa Mombasa, na tangu aletwe bara hakuwa ameona kitu cha kukiheshimu. Aliyeona haya ni binti yao, Noor, wa darasa la tatu. Mtoto aliokota kitambaa, akapiga magoti, akapangusa sakafu yote.

"Pole, babu," alimwambia Ogeto.

Mzee alimtazama mtoto yule kwa huzuni, kisha akawafungulia mlango watoke haraka.

Siku ya pili yake, alasiri, Yakub alikuwa amelala kwenye kochi la nyumbani kwao, nyuma ya duka. Mwanamvita alikuwa anakunja nguo. Harufu ikaja kwanza, harufu ya chai iliyolala, nzito na chachu, ilhali jikoni hakukuwa na chai. Halafu ikaja sauti, karibu na shingo ya Yakub: sruuup. Kimya kidogo. Halafu: pwe! Tone kubwa la rangi ya udongo likapiga ukutani na kuanza kuteremka.

Yakub aliruka, akaishika shingo. "Nani kanitemea?"

"Hakuna mtu, Baba Noor."

"Nimesikia midomo hapa. Ya baridi!"

Kesho yake ilikuwa zamu ya Mwanamvita. Alikuwa amesimama kwenye sinki aliposikia midomo miwili yenye majimaji ikimgusa kisogoni, ikavuta, akahisi kitu kinamtoka kama pumzi, na mara, pwe!, akatemwa kwenye vigae mbele ya macho yake mwenyewe. Alirudi nyuma mpaka ukutani. Lakini tukiacha kudanganyana, kilichomchoma zaidi ya hofu ni ile fedheha. Yeye, mwana wa watu, anatemwa kama chai ya kibandani!

Ile fedheha aliisahau siku iliyofuata. Noor alikuwa mkekani anachora, sauti ikaja, ikavuta, ikavuta tena polepole kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Mwanamvita alisubiri mtemo. Badala yake alisikia koo likimeza.

"Mama, nasikia baridi," Noor alisema, akatabasamu.

Tangu hapo kitu hicho kilikuwa kinakuja kila alasiri, na hakikumgusa mwingine. Midomo ya mtoto ilipauka, kucha zikawa nyeupe, akawa anashika ukuta akitembea. Hospitalini walipima malaria wakakosa, wakapima damu, wakasema ni chache, wakatoa vidonge. Maalim Suhail aliitwa, akasoma, akafukiza ubani. Katikati ya kisomo, makaa ya chetezo yalitemewa yakazima yote kwa mpigo. Maalim aliinua uso, jasho linamtoka.

"Huyu kachokozwa, mama," alinong'ona. "Mimi naweza kumwombea mtoto. Nyinyi mtafuteni anayekaa naye."

Yakub alikataa kurudi Kegonga. Alisema hawezi kwenda kumbembeleza mzee wa mabati yanayovuja, kana kwamba mabati ndiyo yaliyokuwa yanamnywa mwanawe. Mwanamvita alikwenda peke yake. Ogeto hakumkaribisha ndani. Walizungumza uani, kwa sauti za watu walio karibu na maiti.

"Mlimtemea chai yake. Sasa anawaonja nyinyi."

"Mimi na baba yake ametutema."

"Basi nyinyi mko sawa. Dharau inachachusha damu, mama. Mtu ako na dharau hamezeki."

"Wewe je, mbona unakaa naye?"

"Alinitema kitambo. Mimi nilikuwa nyapara." Alisema hivyo bila majivuno na bila majuto. "Lakini huyo msichana wako ni mtamu. Huyo ataendelea kumnywa mpaka aishe. Labda ladha igeuke."

"Nimfundishe mwanangu kudharau watu?"

"Kwani kwenu hiyo inakosekana?" mzee aliuliza, akaingia ndani kwake.

Mwanamvita aliporudi na habari hizo, ndipo Yakub alipopata somo analoweza kulifundisha. Alimkalisha Noor dirishani, akamwonyesha Phelesia, mwanamke wa Homa Bay aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye baraza ya duka lao, na ambaye kila siku alimwekea Noor njugu ndani ya karatasi.

"Sema, yule ananuka."

"Lakini ni omena, baba. Omena inanuka."

"Sema, mimi ni bora kuliko yeye."

"Bora kwa nini?"

Maisha yake yote Yakub alikuwa amejiona bora na hakuwahi kuulizwa sababu. Noor, kumridhisha babake, aliyasema maneno yote aliyotaka, moja moja, kwa sauti safi kama anasoma shairi la shule, na alasiri ile midomo ilikuja ikamvuta vilevile, ikameza.

Ijumaa mtoto hakuweza kuketi. Walimlaza sebuleni, na shingo yake ilikuwa imebaki nyembamba hata mshipa ulionekana ukihangaika. Saa ile ile harufu ya chai iliyolala ikaanza kujaa chumba, na hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Phelesia, na bakuli la supu ya samaki alilolifunga kwa leso yake.

"Mama Noor, huyu mtoto ako na shida gani? Nimemletea supu kidogo. Nyathina, mtoto wangu, utaamka?"

Noor aligeuza uso kumtazama, akang'aa kidogo, na papo hapo sauti ikaanza shingoni pake, sruuup, ndefu kuliko zote, na Mwanamvita akaona kwa macho yake ngozi ya mtoto ikivutwa juu na kitu kisichoonekana, rangi ikimshuka usoni na kwenye midomo na kwenye vidole, akajua kwamba fundo hili ndilo la mwisho, kwamba maneno hayakumfaa na dua imegonga mwamba na baba mtu amesimama pale kama mlingoti, na kwamba kama mtoto hajui dharau inavyofanywa basi ataonyeshwa sasa hivi na mamake mzazi, akalipokonya lile bakuli akalimwaga lote, supu na samaki na moto wake, juu ya miguu ya Phelesia.

"Toka! Nani kakwambia mwanangu anakula makombo ya wachuuzi? Umeninukishia nyumba!"

Phelesia alishtuka kwa maumivu, akarudi nyuma. "Mama Noor... mimi nimeleta tu kwa sababu ya mtoto."

"Ndio nakwambia toka! Ombaomba!"

Phelesia aliinama, akapangusa miguu yake kwa ncha ya leso, akaokota bakuli lake, akatoka.

Noor alikuwa ameshuhudia yote. Alimtazama mamake kuanzia miguuni, akapanda taratibu mpaka usoni, na pembe ya mdomo wake mweupe ikashuka kama mtu aliyeuma kitu kilichooza.

"Wewe si mtu," alimwambia.

Sauti iliyokuwa inavuta ikakwama. Ikapaliwa, ikakohoa, ikatapatapa, halafu PWE!, ukuta mzima ukalowa, na dari, na kanzu ya Yakub. Harufu ikakatika. Mtoto akaanza kupumua kama watoto wengine.

"Nimemweza!" Yakub alisema, ambaye hakuwa amefanya chochote.

Noor alipona. Rangi ilirudi, akarudi shuleni. Lakini hakupokea tena maji mkononi mwa mamake, na akiitwa aliitika bila kugeuka. Phelesia, miguu ilipopona, alihamishia omena yake ng'ambo ya barabara. Mwanamvita alikuwa anamtazama kupitia dirishani na hakuthubutu kuvuka.

Alasiri moja Noor aliingia chumbani, akasimama mlangoni. Macho yake yalikuwa yamelainika.

"Mama, kwa nini ulimfanyia vile mama Phelesia? Niambie tu. Sitakasirika."

Jibu lilikuwa limemjaa Mwanamvita kifuani wiki zote zile. Mikono ilikuwa imeshanyooka kumkumbatia. Ndipo aliposikia harufu ya chai iliyolala, na nyuma ya shingo ya mtoto sauti ndogo ya midomo yenye majimaji ikifunguka, ikisubiri.

Akaishusha mikono.

"Kwa sababu ni mchuuzi," alisema. "Na ukizidi kuniuliza, nitamwendea huko huko aliko."

Noor alimpandisha na kumshusha kwa macho. Akavaa viatu vyake akatoka, na midomo ile ikafumbana. Mwanamvita alisimama bila kujitikisa mpaka aliposikia mtoto anacheka na Phelesia huko ng'ambo, ndipo akakaa chini akalia.