AC ya Zamu

"Toa mkono wako kwenye AC yangu."

"Yako? Imeandikwa jina lako wapi?"

Walianza hivyo, katikati ya soko la vyombo vya umeme vya mitumba, watu wanasukumana, kila duka limefungulia redio yake mpaka mwisho. Joto lilikuwa lile la kumfanya mtu achukie hata nguo alizovaa. Kaka mmoja kashika AC ya dirishani upande mmoja, dada asiyemjua kashika upande wa pili, na hakuna anayeachia.

AC yenyewe haikuwa na uzuri wowote. Kisanduku tu, rangi ya meno ya mvuta sigara, juu kina mpini wa kubebea. Lakini muuzaji alipoichomeka, ilitoa baridi mpaka watu wa duka la jirani wakaja kusimama mbele yake wamefumba macho. Na ilikuwa imebaki hiyo hiyo moja.

Kaka alikuwa fundi wa injini za boti. Walimwita Propela kwa sababu hatulii. Hata akikaa kitini, mguu unazunguka. Kaptula ina grisi, fulana imepasuka begani, kifua kimejaa kwa kubeba mainjini. Dada alikuwa anashona magauni ya harusi, na mtaani aliitwa Sindano, nusu kwa kazi yake, nusu kwa mdomo wake. Alivaa gauni la njano alilolishona mwenyewe, limemkaa kama amezaliwa nalo, na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni maana alitoka mbio.

"Kaka yangu, sikiliza," Sindano akasema. "Mimi nashona satini nyeupe. Tone moja la jasho likidondoka, gauni limekwisha. Nina maharusi wananisubiri. Wewe unaitaka ya nini?"

"Nalala ndani ya boti."

"Boti?"

"Boti ya faiba. Jua likishaipiga siku nzima, ukiweka yai juu ya mto linaiva."

"Sasa mtu mzima na akili zake analalaje kwenye boti?"

"Na mtu mzima na akili zake anakujaje sokoni na utepe shingoni kama mbuzi aliyekata kamba?"

Muuzaji akaangua kicheko. "Nyie oaneni tu, AC iwe ya familia!"

Wote wawili wakamkata jicho. Muuzaji akajifanya anafuta vumbi kwenye pasi.

Mkono wa kila mtu bado uko pale pale. Kisha Propela akauliza, sauti imeshuka, "Kwani unashona saa ngapi?"

"Mchana. Usiku macho yananiuma."

"Mimi nalala usiku."

Wakatazamana. Sindano ndiye aliyecheka kwanza, na Propela alipoona kile kicheko, mguu wake ukaacha kuzunguka.

Wakainunua pamoja. Asubuhi Propela anaileta kwa Sindano, anaiweka dirishani. Jioni anaichomoa, anaibeba begani mpaka gatini.

Usifikiri AC ya dirishani inakaa kwenye boti kirahisi. Boti haina dirisha la kuipokea. Propela alikuwa na tundu moja juu ya kitanda, lenye mfuniko wa kuingizia hewa. Akaiweka pale, uso wa AC unatazama ndani, mgongo wenye joto uko nje. Usiku wa kwanza akailaza vibaya, imeinamia mbele. Maji yote yanayotakiwa yadondoke nje yakamwagika kitandani. Akapiga simu asubuhi.

"Sindano, mtoto wetu kanikojolea."

"Mtoto wetu? Tangu lini?"

"Tangu sokoni. Njoo uone. Halafu joto linaingia pembeni, nimeziba nimechoka."

Jioni Sindano akaenda. Alipoona tundu, alishika mbavu kwa kucheka. "Umeziba kwa suruali!"

"Ni suruali safi."

"Jamani, hata zipu inaonekana! Toka hapo, fundi uchwara."

Akachomoa utepe, akapima tundu, akapima AC, akamwagiza Propela ashike huku, avute kule. Siku iliyofuata akarudi na turubai alilolishona mwenyewe kama sketi, lina mpira kiunoni na sponji ndani. Wakaivisha AC. Propela akaiinamisha kidogo kwa nyuma, akachomeka waya kwenye umeme wa gati, akawasha.

Kile chumba kidogo, chenye kitanda na rafu na nafasi ya magoti tu, kikapoa. Jasho likakauka usoni. Wakakaa ukingoni mwa kitanda, mabega yanagusana kwa sababu hakukuwa na pengine pa kuweka mabega.

"Vinyweleo vimenisimama," Sindano akasema.

"Ni baridi."

"Mwenyewe unajua siyo baridi."

Kuanzia hapo, simu hazikuisha. "Mpenzi, mtoto ameamka?" "Ameamka, anakulilia." "Mwambie namsubiri. Na yeye peke yake ndiye anayenililia?" "We dada, usinitafute asubuhi yote hii." Fundi wa injini akaanza kunyoa ndevu. Mshona magauni akaanza kunukia dizeli.

Tatizo lilikuwa Mama.

Mama wa Sindano alikaa kona ya chumba cha kushonea, anashona vifungo, anampima Propela kwa jicho kuanzia kandambili mpaka kichwa. Umri ulikuwa umemletea joto la mwili. Usiku halali, anajipepea na kipande cha boksi mpaka kunakucha, na mchana cherehani na wateja hawamwachii hata lepe la usingizi. Kwa hiyo alikuwa mkali kama pilipili kichaa.

"Usiku baridi yetu inakwenda kulala na mwanamume," alisema. "Na huyo mwanamume ana nyumba?"

"Ana boti, Mama."

"Chura naye ana bwawa."

"Mama, anataka kuleta wazee wake. Tuongee kiheshima."

Mama akakata uzi kwa meno. "Asilete mtu. Anayelala majini, leo yuko hapa, kesho kafungua kamba kaondoka. Nitamtafuta wapi mwanangu? Nimesema hapana, na ukiniuliza tena ni hapana."

Sindano alilia siku hiyo, akashona analia, akamwambia Propela kwenye simu. "Nitamsubiri Mama," Propela akasema. "Hata akinichukia, nitakuwa hapa hapa."

Basi ikafika siku ya gauni kubwa. Bibi harusi analifuata alasiri, limebaki kumaliziwa kifua na mikono. Sindano akaamka, akanawa mikono, akatandika shuka jeupe mezani, akasubiri AC.

AC haikuja.

Akapiga simu. Inaita tu. Akapiga tena. Inaita. Mama hayupo, aliaga kwamba anakwenda sokoni. Jua likapanda, bati juu likaanza kulia. Sindano akajifunga taulo kichwani, akajaribu kushona hivyo hivyo. Tone la jasho likatembea puani, akalikamata. La pili hakuliona. Likatua kifuani mwa gauni, pwa, doa la kijivu kwenye weupe wa maziwa.

Alikaa akaliangalia. Kisha akalikunja gauni ndani ya shuka, akalitupia begani, akabeba kikapu cha nyuzi. "Kama AC haiji kwa gauni," akasema, "gauni litaifuata AC."

Gatini alikuta nafasi ya boti iko tupu. Maji tu na ganda la ndizi linaelea.

"Ameondoka," mlinzi wa gati akasema. "Na mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Kajifunika mtandio, sikumwona uso. Alikuja mapema, akaingia ndani, hajatoka tena. Umeme ulipokatika hapa, boti ikaondoka naye. Wameelekea gati la mafuta kule."

Sindano hakusema asante. Alikwenda kule hatua zake zinapiga mbao kama nyundo, na kichwani anasikia sauti ya mama yake: kesho kafungua kamba kaondoka.

Sasa sikia kilichotokea kweli.

Yule mwanamke alikuwa Mama. Alikwenda kumwambia Propela uso kwa uso amwache mwanawe. Alifika hasira zimejaa, mkoba kaukumbatia kifuani. Propela akashtuka, akamwamkia mpaka akainama, akamwambia, "Mama, jua kali, ingia ndani ukae, nikuwekee chai kwanza." Mama akaingia, akakaa kitandani, chini kabisa ya AC. Propela aliporudi na kikombe, alisikia koromo nyuma ya pazia la mlangoni.

Akasimama na chai mkononi. Mkwe haamshwi. Kuingia alipolala ndiyo kabisa, bora uruke majini na jiwe shingoni. Simu yake iko kwenye rafu, karibu na kichwa cha Mama, na sauti aliizima mwenyewe. Kuazima simu ya mtu? Namba ya Sindano iko ndani ya ile simu, kichwani haipo. Kuchomoa AC? Iko juu ya uso wa Mama. Akakaa nje kwenye jua anazungusha mguu, anajua kabisa kuna gauni linasubiri.

Halafu umeme wa gati ukakatika. AC ikakohoa, ikanyamaza. Ndani Mama akagugumia. Propela akaona maisha yake yanaisha. Kuwasha injini ni kelele, kwa hiyo akafungua kamba, akachukua mti mrefu, akaisukuma boti taratibu, jasho linamchuruzika mpaka kwenye macho, hadi gati la mafuta ambako kuna jenereta. Akawabembeleza watu wa pale kwa ishara, akachomeka waya. AC ikanguruma. Koromo likarudi, zito kuliko la mwanzo. Propela nusura acheze.

Hapo ndipo Sindano alipomkuta, mabega yamebabuka kwa jua.

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Shhh!"

"Unaninyamazisha? Mimi? Na AC yangu, na gauni la watu limeharibika, na wewe..."

"Polepole, nakuomba, mpenzi..."

"Mpenzi wako yuko ndani! Mtoe nimwone!"

Akaruka botini, akavuta pazia. Akaona miguu anayoijua. Akaona mtandio umeanguka, mdomo uko wazi, mkoba bado umekumbatiwa, na ule uso uliokunjana kila siku umelegea kama wa mtoto mchanga. Kwa miaka mingi hakuwahi kumwona mama yake amelala hivyo.

Akarudisha pazia polepole. "Umemfanya nini mama yangu?"

"Sijamgusa. Ndiyo shida yenyewe."

"Nilidhani una mwanamke."

"Ninaye. Anakoroma."

Sindano akaziba mdomo, machozi na kicheko vikatoka pamoja. Akamshika Propela shavu lililoungua, akamwambia, "Nisamehe, jinga mimi." Kisha akakumbuka gauni.

Yeye ni mtoto, yeye anaruhusiwa. Akaingia, akakaa miguuni kwa Mama, akatandaza shuka magotini, akashona kwa mkono kwenye ile baridi, vidole vikavu kabisa. Akatoa mabaki ya satini kikapuni, akakunja maua madogo madogo, akayapanga kifuani mpaka doa likalala chini yake kimya. Propela nje anapitisha uzi pembeni ya pazia, anapokea mabaki, anafukuza inzi. Akaazima simu ya Sindano, akampigia bibi harusi amwelekeze gati la mafuta. Bibi harusi alidhani ni utani.

Alikuja na mashangazi zake. Walipoliona gauni linatoka ndani ya boti, yale maua kifuani, shangazi mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakadaka. Watu wa mafuta wakaacha mipira yao ya kujazia, wakapiga makofi. Bibi harusi aliyagusa yale maua, akalia, akasema hata hakuyaomba na ndiyo aliyokuwa anayataka.

Vigelegele vikamwamsha Mama.

"Harusi ya nani hapa?" akauliza kutoka ndani. Akatokeza mlangoni na alama ya mto shavuni. Akaangalia jua lilipofika, akaangalia gati asilolijua. "Nimelala?"

"Umelala, Mama," Sindano akasema.

Mama akamgeukia Propela, akajaribu kutafuta hasira yake, akaikosa. "Wewe. Mimi nilikuja kukuambia kitu."

"Nakusikiliza, Mama. Nimekaa hapa tangu asubuhi nakusubiri."

"Na kwa nini hukuniamsha?"

"Nikuamshe, mimi ni nani?"

"Na mbona uko juani? Angalia mabega! Si ungeingia ndani?"

"Hujaniambia niingie."

Propela akaona asipoongea sasa hataongea tena. "Mama, mimi sijui kusema vizuri. Shule niliikimbia. Nina mikono hii na boti hii. Namtaka binti yako. Nikifungua kamba siku yoyote, ni kwa sababu yeye yuko ndani na wewe umejua tunakwenda wapi. Ukikataa leo, nitakuja kesho."

"Na mimi namtaka," Sindano akasema. "Usihangaike kuniuliza."

Mashangazi wa watu wakasogea karibu wasikie. Hata wale wa mafuta. Mama akamwangalia mwanawe, akamwangalia yule kijana aliyeungua kama mkate, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyelala akashiba.

"Ingia ndani, mwanangu," akasema. "Na ufunge huo mlango, baridi inatoka."