Fundi Chini ya Mkeka

Ndugu wasomaji, nyumba ya Mzee Pesamino haikuwa na kuta, na kijiji kizima pale kisiwani Savai'i kiliisikia kazi yake. Kirungu kiligonga taratibu kitana cha meno ya mfupa, kile kinachotia wino ngozini, na jamaa za anayechorwa tatuu wakamwimbia ili maumivu yapungue. Malaki, mpwa wake, ndiye aliyevuta ngozi na kupangusa damu. Miaka nenda miaka rudi alikaa ubavuni mwa mjomba wake, na bado mwili ulimsisimka kila alipoona mistari ikijipanga mgongoni mwa mtu bila alama yoyote ya kuiongoza.

Lakini mapenzi yasiyo na subira hugeuka pupa. Watu wa afya walipokuja kufundisha usafi wa kazi hiyo, Malaki alifaulu, akapewa leseni. Tangu hapo akajiona fundi.

"Leseni inasema unajua kuchemsha vyombo, na nakupongeza," mjomba wake alimwambia. "Kitana nitakukabidhi mimi, mbele ya watu. Bado unautazama mstari, Malaki. Hujaanza kumtazama mtu."

Basi akaja Ropati, rafiki yake wa utotoni, likizoni kutoka Auckland, ng'ambo alikofanya kazi. Alitaka tatuu ya wanaume, ile ya kiunoni hadi magotini. Mzee alimkatalia, kwa kuwa siku zake za likizo hazikutosha ngozi kupumzika. Ropati akamgeukia Malaki kwa kejeli.

"Kumbe wewe ni wa kupangusa tu? Utapangusa mpaka uote mvi, bwana."

Maneno hayo yalimchoma. Malaki akachukua kitana kimyakimya, wakaenda kujificha katika kibanda cha shamba la magimbi, pamoja na binamu wa Malaki ambaye hakuwahi kuvuta ngozi ya mtu. Vyombo alivichemsha, tusimsingizie. Lakini jambo la siri halina jamaa. Hapakuwa na wa kuimba, wala wa kumkanda Ropati na kumwosha kwa maji ya chumvi jioni. Ngozi ilivimba, Malaki akaiona, akaendelea kugonga kwa sababu siku ya ndege ilikuwa imekaribia.

Homa ilipompanda, Ropati alimwambia mama yake, Telesia, kuwa ni mafua. Jamani, mficha maradhi kifo humuumbua. Telesia alifunua shuka mwanawe alipoanza kuweweseka, na alichokiona kilimtoa ukunga. Walimvusha kwa feri hadi hospitali ya Apia, baba yake akabaki naye huko. Madaktari hawakuahidi kitu.

Telesia aliporudi kuchukua nguo, kijiji kizima kikajua ni kazi ya nani, na kesho yake Malaki aliamka alfajiri asimwone mjomba wake. Alimkuta uwanjani kwa Telesia, amepiga magoti kwenye umande, amejifunika kichwa kwa mkeka mwororo wa ukoo. Kaka zake Ropati walikuwa wamesimama mbele yake na mapanga. Kwa desturi, aliye chini ya mkeka amekabidhi maisha yake kwa waliokosewa: wanaweza kumuua, lakini wakiuinua mkeka, wamemsamehe. Malaki aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alitambaa, akaingia chini ya mkeka.

"Mjomba, ondoka. Kosa ni langu."

"Kosa ni la fundi," Mzee alinong'ona. "Wewe bado si fundi."

Jua lilipanda, likachoma. Hatimaye Telesia akatoka, akawapita wanawe, akauinua mkeka.

"Sijui kama mwanangu atapona," alisema. "Lakini siwezi kukuacha juani, mzee wangu. Ingieni ndani mnywe chai."

Ndani, Malaki aliketi kando ya mjomba wake. Alitazama ile mikono aliyoihusudu miaka yote, ingali na udongo wa uwanjani, ikishika kikombe cha chai, na akalia mbele ya watu bila kujificha.

Ropati alipona, ila tatuu yake ilibaki nusu, na nusu katika nchi ile ni aibu ya maisha. Malaki alirudi kupangusa damu, wala hakuuliza tena zamu yake itafika lini.

FUNZO

Ndugu zangu, mnaowania vyeo na leseni, sikilizeni. Ruhusa ya kazi si sifa ya kutembea nayo kijijini. Anayekuruhusu anakubali kupiga magoti kwa ajili ya makosa yako, na siku utakayokuwa fundi, magoti hayo yatakuwa yako. Asiye tayari kwa hilo, asishike kitana.