Mechi Moja, Washindi Wawili

Kila likizo Kasuku alifuatana na mama yake, mchoraji wa mabango. Mama alipanda ngazi na brashi yake, Kasuku akabaki chini akimsomea kwa sauti maneno ya kuandika. Ndiyo maana akabandikwa jina hilo, na kweli mdomo wake haukujua kupumzika.

Wiki iliyopita walikuwa wamemaliza ukuta wa chuo cha bondeni: mechi zote za netiboli ambazo timu ilishinda chini ya kocha wao mzee, ambaye kesho angeagwa. Mechi mia moja kamili. Mama alirudi nyumbani mgongo ukimuuma, hata chakula kikamshinda. Leo walikuwa chuo cha mlimani, mahasimu wakubwa wa bondeni, wakiandika ushindi wa huko.

Kasuku alifika kwenye fainali moja ya zamani kati ya vyuo hivyo viwili, akaacha kusoma. Fainali ileile bondeni pia iliandikwa ushindi.

"Mama, hii alishinda nani?"

Mama alimtazama kwa macho mazito. Akamwambia asitafute balaa. Kazi yao ni kuandika walichopewa, na jamani, mkono wake ulikuwa hauinuki tena. Kasuku alitii, lakini roho haikutulia.

Jioni walipitia bondeni kuchukua makopo ya rangi yaliyobaki. Walimkuta kocha peke yake ukumbini, akiutazama ukuta wake kwa furaha. Alimshukuru mama mpaka Kasuku akaona haya kufungua mdomo. Hata hivyo Kasuku alimweleza kocha kwamba fainali ile mlimani pia imeandikwa ushindi.

Kocha alikaa kwenye benchi. Kisha akakiri kwamba mvua iliuvunja mchezo ule kabla ya kipindi cha mwisho. Yeye alidai timu yake ilikuwa inaongoza, wenzake wa mlimani nao wakadai vivyo hivyo. Mechi haikurudiwa kamwe, na kila chuo kikajiandikia ushindi.

"Ifute, mama," kocha alimwambia mchoraji. "Wasichana wangu wameshinda tisini na tisa kwa jasho lao. Mtu akigundua uongo huu mmoja, atazitilia shaka zote."

Mama alicheka kichovu, akamwambia afadhali angesema kabla rangi haijakauka. Akapanda tena, kocha mwenyewe akashika ngazi. Fainali ile ikafutwa, na jumla ya mia ikaandikwa tisini na tisa. Kocha akapiga simu mlimani. Huko waliguna weee, mwishowe wakakubali mechi hiyo isihesabiwe.

Njiani mama alijiegemeza kwenye bega la bintiye. Kasuku aliomba radhi kwa kumwongezea kazi.

"Usiniombe radhi," mama alisema. "Uliponiuliza kule mlimani, nilijua kuna kosa. Nilikunyamazisha kwa sababu nimechoka, basi. Uongo mwingi hudumu hivyo, mwanangu. Watu wanaujua, ila wamechoka kuurekebisha. Siku nyingine ukiniona nimechoka, usikubali nikunyamazishe."