Mbegu Juu ya Kitanda cha Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Akimana alifagia uwanja, akachota maji, kisha akampelekea bibi yake uji. Njiani aliutupia jicho baya mnara wa simu uliosimama nyuma ya shamba lao la maharage, hapo Makere. Mnara ulijengwa mwaka huohuo. Tangu baridi ya Juni, Bibi Niyubahwe alikuwa akikohoa.

Akimana akaunganisha mambo. Darasani walifundishwa kwamba seli za mzee hujirekebisha polepole. Redioni alisikia wanasayansi wanachunguza kama mawimbi ya simu huzidhuru zaidi. Mama yake, Uwimana, alikuwa Kibondo kuuza maharage, na Akimana hakumuuliza mtu mzima mwingine yeyote. Alimwambia bibi kwamba mnara ndio unaomwumiza, na dirisha lake linautazama. Siku hiyohiyo wakahamishia kitanda jikoni, kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Bibi akazima na simu yake.

Kikohozi kikazidi. Bibi alishindwa kufika mlangoni bila kuketi apumue.

"Unaona, mjukuu wangu?" alinong'ona. "Unanifuata hata huku."

Akimana akaanza kumshuku hata fundi aliyekuja kuukagua mnara.

Uwimana aliporudi, alimkuta mama mkwe wake anahema. Hakubishana na mtu. Alimleta tabibu wa zahanati, Zaitun. Tabibu alisikiliza kifua cha bibi, akaagiza apimwe makohozi, kisha akamsikiliza Akimana mpaka mwisho bila kucheka.

"Swali lako ni la maana," alisema. "Wanasayansi bado wanalichunguza, ila hadi sasa hawajaona kwamba minara inawaumiza wazee." Akatazama juu ya mafiga, kwenye mahindi yaliyotundikwa, meusi kwa masizi. "Haya mmeyaweka hapo kwa nini?"

"Ni mbegu. Moshi unaua fukusi wanaozitoboa."

"Na chini yake mmemlaza nani?"

Akimana alitazama kitanda, akaanza kukunja blanketi la bibi.

Jioni hiyo bibi alirudi chumbani kwake, dirisha wazi. Vipimo havikuonyesha kifua kikuu, na dawa zikamsaidia. Mvua za kupanda zilipokaribia, bibi mwenyewe alipukuchua zile mbegu uwanjani, huku akimwuliza kwa simu mwanawe aliyeishi Kibondo kama huko kumenyesha.

Akimana alimtazama, kisha akautazama mnara.

"Kushuku si kosa," Uwimana alimwambia. "Hata mimi nashuku mengi. Kosa lako ni kumtibu mtu kwa jambo ulilolishuku tu. Siku nyingine, uliza kwanza. Sasa lete jembe."